Kiganja cha Hitty

Gari la barua lilipinduka kwenye kivuko, na barua ya mwenzetu Orrin Tuttle kutoka kwao ikatufikia imelowa chapachapa. Kibandani tulikuwa watatu, tumechoka kulinda ukingo wa mto huku Virginia, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kutafuna biskuti za jeshi ngumu kama kigae. Mimi kwa umbea sina mpinzani. Barua ya mwenzangu ikifika, mikono huniwasha.

Hii lakini niliiogopa. Katika barua iliyotangulia, Lovina, mkewe Orrin, aliandika kutoka Ohio kwamba binti yao Hitty kashikwa na dondakoo. Tangu siku hiyo Orrin hali, hatanii, anatukodolea macho tu.

"Fungua basi, bwana!" Gideon, mwenzetu wa tatu, alimwambia. "Unangoja vita viishe?"

"Fungua wewe. Mimi siwezi."

Gideon akaikunjua polepole karibu na moto. Wino wote ulikuwa umechuruzika, halisomeki hata neno. Kilichobaki ni mchoro wa penseli: kiganja cha mtoto kimezungushiwa mstari, kama wanavyofanya wake zetu ili baba aone mwanawe alivyokua.

"Si huyo hapo? Mzima!" nikaropoka.

"Au mama yake kanichorea kumbukumbu," Orrin alisema. "Mtoto wa jirani yetu walimchora kiganja hivyohivyo, keshakufa, yuko ndani ya jeneza."

Nilitamani kujikata ulimi. Hata hivyo udadisi haukuniacha. Nikabandua mchoro wa zamani wa kiganja cha Hitty, ambao Orrin alikuwa ameutundika juu ya kitanda chake, nikauweka kando ya huu mpya. Kitu kimoja kikanishangaza: katika yote miwili, mstari ulipofika kwenye kidole cha mwisho uliruka, ukaenda upande.

"Orrin, mwanao kidole hiki kimepinda?"

"Kipinde kwa nini? Hapo anatekenyeka. Penseli ikigusa tu, anacheka, anavuta mkono, mama yake anagomba..."

Akauchukua mchoro mpya, akapitisha ukucha wake juu ya mstari, taratibu, mpaka pale uliporuka. Akarudia.

"Kavuta mkono," alisema. "Gideon, njoo uone. Kavuta mkono!"

Gideon alimshika bega, naye machozi yanamtoka. Mimi nililia wazi, sikuona haya.

Orrin akajifuta pua kwa mkono wa koti.

"Jamani," akasema, "biskuti zimebaki?"