Wajukuu wa Tini

"We Venance, maini hapa nimeanza kuchoma mie! Ulinikuta na jiko la nondo, ukaja na chupa yako ya ukwaju!"

Demetria alikuwa na kisu mkononi, na mtaa mzima wa Wazo ulishatoka nje kusikiliza.

"Sasa da Demetria, nimekukatalia? Ila waulize wateja wanakwendaga kwa nani."

Wateja wakainama kwenye sahani. Mwanzoni walisema maini ya Demetria ya ukwaju wa Venance. Jua kali, jina refu, wakalikata: twende kwa Venance. Na Zoeb, mwenye fremu ya duka hapo, alikuja kuamua fremu ampangishe nani.

"Nampa mwenye jina," alisema. "Mwingine atafute pengine."

Kwenye benchi bibi mmoja akakohoa. Alikuwa neno la Kilatini, Iecur, maana yake ini. Alifika asubuhi kwa bodaboda, na vumbi la kiwanda cha saruji lilimkaa kwenye nyusi.

"Yalinikuta na mie, mwanangu," alimwambia Demetria. Kule Roma wapishi waliwanenepesha bata bukini kwa tini. Ini lao likaitwa iecur ficatum, ini la tini. "Watu wakaona refu. Wakaniangusha mie, wakabaki na Ficatum. Tini tupu."

"Una shahidi?" Zoeb aliuliza.

Bajaji ikasimama. Wakashuka Fegato wa Italia, Hígado wa Hispania na Foie wa Ufaransa. Wote ni ini huko kwao. Walinukia tini mpaka nzi wakahama kwenye nyama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyie wajukuu wa nani?"

"Wa Ficatum."

"Na mie je?"

Foie akamwagizia soda, maana mgeni ni mgeni.

"Haya, hata ukoo haumjui!" alisema Tupokigwe wa genge la nyanya. Watu wakacheka, ila kidogo.

Zoeb akasema kesi imeeleweka, akampigia simu fundi wa rangi. Mpaka jioni KWA VENANCE ilikuwa ukutani, mbichi bado. Iecur alikuwa ameanza kufifia kuanzia miguuni. Demetria akamfunga kanga pale palipobaki.

Venance akatoka na sinia linalofuka moshi, maini aliyoyakata Demetria. Akawaona wamesimama barazani.

"Da Demetria, mbona nje kama mgeni? Njoo na bibi. Piteni ndani, karibuni chakula."