Bastola ya Mjane wa Cremona

Kila neno hapa ni kweli tupu, na asiyeamini aje huku Gardone, Italia, aniulize mwenyewe. Sina pa kukimbilia, magoti yamekwisha.

Mwaka wa themanini na moja bosi wangu, sasa marehemu, mwenye karakana ya bastola, alitaka bastola halisi ya zamani, ile ya risasi sita ya Wamarekani, tuitolee nakala. Halisi ilikuwa bei ya gari. Nikaenda mji wa Cremona, nikampata mjane ambaye babu yake aliwahi kuvuka bahari kuchunga ng'ombe huko. Nilimsifia supu yake, akaniuzia bastola ya babu kwa lira milioni mbili tu. Bosi alinirudishia pesa yangu, akanikumbatia, akaiweka kwenye kabati la kioo.

Tuliinakili kwa mkono miaka thelathini. Kila fundi alirekebisha kwa jicho lake palipomkera, bila kuambiwa, na hakuna mteja aliyelalamika. Kisha nikastaafu, bosi akafa, na binti yake Ornella akakopa benki kununua mashine. Unaingiza chuma, unakoroga kahawa, ukiinua kichwa bastola imetoka. Ornella hakuwa na njia nyingine: saa moja ya fundi wa tupa ilikuwa inakula karibu faida yote. Akaitoa ile ya mjane kabatini, kompyuta ikaipima kila unywele, zikatoka mia tatu.

Mjerumani aliyeziagiza akazilinganisha na ya makumbusho. Chuma cha mpini kimenona upande wa kushoto, zote mia tatu. Akasema hachukui hata moja mpaka zirekebishwe, na bei haongezi. Zisipouzwa kufikia Pasaka, benki inabeba mashine na mafundi sita wanarudi nyumbani.

Ornella akaniita. Nikamsimulia upya habari za mjane, safari hii babu akiwa na jicho moja. Alinisikiliza kwa uchovu, akafunga kipande cha chuma kwenye jiliwa, akanipa tupa.

"Hebu kinyooshe, mzee Gaudenzio."

Nikakinyoosha. Bondeni kwetu mkono wa fundi unajulikana kama mwandiko, na mimi natumia wa kushoto. Alikiweka kipande changu kando ya bastola mpya, akapitisha kidole kwenye kipande, kisha kwenye bastola. Vyote vimenona kushoto.

"Babu wa Cremona naye alikuwa wa mashoto?"

"Mwanangu, dunia ina mambo."

"Baba alijua?"

Hapo nilichoka. Nimembeba yule mjane miaka arobaini, na ni mzito. Nikasema hapana, hakujua. Niliichonga mwenyewe bandani kwangu, nikaifukia kwenye samadi miezi mitatu ipate uzee.

Hakupandisha sauti. Alinipigia hesabu: bastola moja inamwachia yuro arobaini, saa ya fundi ni thelathini na tano, na kila moja inataka saa nzima.

"Sina cha kumlipa fundi," alisema. "Kwa hiyo atazifanya mtu asiyelipwa."

"Macho yangu, Ornella."

"Nitakuletea taa."

Leo nimemaliza ya mia moja na kumi na mbili. Vumbi la chuma limeingia mpaka kwenye polenta yangu, ugali wetu wa mahindi, na vidole havifunguki vizuri asubuhi. Jioni Ornella hupita, huzipapasa moja moja, na asiyoipenda huirudisha mezani kwangu.