Karata Ambazo Hazikuja

Baba alizileta karata zake mbili hadi zikamgusa pua, kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyachemsha. Akazilaza kifudifudi, akasukuma vifungo vinne katikati ya meza.

"Naongeza," akasema, uso mkavu.

Tulikuwa watatu, kama kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana: baba, aliyetengeneza saa za watu kwa miaka arobaini na mitatu; kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta; na mimi, dobi, ambaye vidole vyangu havikosi alama ya pasi. Mchezo wetu ni poka. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, nyingine tano hufunuliwa mezani kidogo kidogo kwa ajili ya wote, na kila hatua unaamua: ubaki, uongeze dau, au utupe karata zako ukae pembeni. Dau letu ni vifungo vilivyodondoka kwenye mashati ya wateja wangu. Fedha haziingii pale, maana baba anaamini fedha humfanya mtu acheze kwa tumbo badala ya akili.

Zilikuwa zimefunuliwa karata nne. Mimi nilikuwa na nane mbili, lakini mezani palikuwa na ree na mfalme, na baba si mtu wa kuongeza ovyo. Nikatupa. Kinyozi naye akavuta pumzi, akatupa. Mchezo ukaisha kabla ya karata ya tano, baba akazoa vifungo vyake. Mimi, kama kawaida yangu, nikanyoosha mkono kwenye karata zilizobaki, nikafunua ile ambayo ingekuja.

Nane.

"Ona! Ningebaki ningekuwa na nane tatu!"

"Ningejua huja nyuma," kinyozi akasema. "Maji yameshamwagika, mwenzetu unayachota kwa kijiko."

Baba akageuza karata zake kwa madaha ili atuonyeshe alichokuwa nacho. "Kopa mbili hizi, na mbili za mezani. Nilikuwa nangoja kopa ya tano tu, zitimie za aina moja."

Kinyozi akanitazama, nami nikamtazama. Moja ilikuwa kopa kweli. Ya pili ilikuwa uru. Zote nyekundu, na kwa baba wekundu ulikuwa umeshakuwa kitu kimoja.

"Mbona mmekuwa kimya?" Akaisogeza tena ile karata hadi puani. "Uru?"

"Uru, mzee," kinyozi akajibu polepole.

Baba akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Jicho lake la kulia lilikufa ujanani, siku kamani, ile springi ya ndani ya saa, ilipochomoka ikamrukia. La kushoto ndilo lililotulisha sote, na sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika.

"Fomu iko wapi?" akaniuliza.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Chini ya mashati."

Kinyozi akainuka ghafla, akasema amekumbuka kuna mteja anamngoja. Saluni yake haifunguliwi Jumamosi mchana, na sote tulilijua hilo. Nikampenda kwa uongo wake ule.

Fomu hiyo ya kukubali upasuaji nilikuwa nayo kwa siku kumi na moja. Ilitaka sahihi mbili, ya mgonjwa na ya ndugu atakayemuuguza, na daktari alituambia mwisho ni Jumatatu. Alituambia pia kwamba katika watu kumi wenye jicho kama lile, wanane huona tena baada ya upasuaji, na wawili hupoteza hata mwanga waliobaki nao. Tukiliacha, halitamaliza mwaka. Nilikuwa nimeyasikia yote vizuri. Lakini kila nilipoishika kalamu, niliiona ile fomu nyingine, ya mama, na jina langu chini yake. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, na hakutoka akiwa hai.

"Siwezi, baba," nikasema. "Mkono wangu una mkosi."

"Siku ile ya mama yako, tulijua nini?"

"Mimi ndiye niliyetia sahihi."

"Sijakuuliza ulifanya nini. Nakuuliza tulijua nini."

Nikajibu kama mtoto anayesomeshwa. "Uvimbe ukiachwa, hamalizi miezi miwili. Akipasuliwa, wengi hupona."

"Mwenyewe alisemaje?"

"Alisema apasuliwe, amechoka kuumwa."

"Je, kuna jambo ulilijua siku ile ukalifumbia macho?"

Nikatafuta. Nilikuwa nimelitafuta jambo hilo kwa miaka miwili, nikipiga pasi, nikianika, nikioga. Sikuwahi kulipata.

"Hakuna."

"Zamani ulikuwa ukitupa karata, umetupa. Tangu tumzike mama yako, hakuna Jumamosi ambayo hufukui zilizobaki. Mimi sizioni vizuri, lakini nazisikia zikifunuliwa. Na kila mara najua unamtafuta nani."

Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye watoto wake, na baba akaniacha nilie hadi nikatosheka.

"Kuna na la kwangu," akasema baadaye. Alikuwa akivipanga vifungo kwa ncha za vidole, vidogo kwa vikubwa, bila kuvitazama. "Hospitalini siku ile, kalamu nilipewa mimi kwanza. Nikakupa wewe. Nikakwambia miwani nimeisahau nyumbani."

"Nakumbuka."

"Ilikuwa mfukoni."

Nilikasirika. Sitasema uongo, nilitaka kuipindua ile meza. Miaka miwili nimebeba peke yangu gunia la watu wawili, na mwenzangu alikuwa ananitazama nikipinda mgongo. Kisha nikaitazama mikono yake, ile iliyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele bila kutikisika. Ilikuwa inavichanganya tena vifungo ilivyokwisha kuvipanga. Alikuwa mume aliyeogopa, basi. Sikumsamehe papo hapo, lakini nilisogeza kiti changu karibu na chake.

Nikaenda chumbani nikaitoa fomu. Ilikuwa imenyooka vizuri, kwa uzito wa mashati ya watu.

"Na ikija karata mbaya?" akaniuliza.

"Nitakuwa nakaa hapa ubavuni, nakusomea karata zako sikioni."

"Utaniibia."

"Nitakuibia sana. Nakudai deni la miaka miwili."

Safari hii alicheka kweli, mpaka akakohoa. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa meza.

"Lete kalamu," akasema. "Mimi kwanza."

Nikakiweka kidole chake mwanzoni mwa mstari. Aliandika jina lake taratibu, herufi za mwisho zikauacha mstari, zikaishia kwenye ubao wa meza. Akanipa kalamu, nayo ilikuwa na joto la vidole vyake. Nikaandika jina langu chini ya lake. Karata zilizobaki sikuzigusa.