Kiatu cha Mpole Kwenye Foleni

Siku ya pili baada ya sanamu ya Mpole kuzinduliwa mbele ya hospitali kuu, mfagizi aliukuta mguu wa kushoto wa sanamu hiyo uko peku. Kiatu cha shaba kilikuwa nyuma ya jengo, kwenye foleni ya mlango wa nyuma, kati ya jiwe la mama mmoja mjamzito na kandambili ya fundi bomba. Mfagizi alikizunguka, akaendelea kufagia.

Watu wa bondeni walitibiwa kwa mlango huo tu, na aliyetaka kushika nafasi aliacha jiwe au kandambili. Mpole ndiye aliyewafundisha kuacha viatu. Askari wakikukokota kutoka kwenye foleni usiinue mkono, aliwaambia. Acha kiatu, kiatu ni wewe. Walimkokota mara nyingi, akarudi akichechemea hadi kwenye nafasi yake. Mara ya mwisho ilirudi maiti, mguu wa kushoto hauna kiatu. Mjane wake aliwaeleza hayo waliotengeneza sanamu. Wakamjibu kwamba shujaa hawezi kusimama peku mbele ya wageni.

Manispaa ilikirudisha kiatu, ikakichomelea. Kila asubuhi kikakutwa tena kwenye foleni. Walipochoka, afisa mmoja alimfuata mjane nyumbani.

"Mama, tunaomba uongee naye. Wewe ndiye mkewe."

"Alipokuwa na masikio ya nyama hakunisikia, mwanangu. Haya ya shaba ndiyo yatanisikia?"

Hata hivyo alikwenda, maana alikuwa na safari yake huko huko. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alishasema yasicheleweshwe. Sheria ya kutenga milango ilifutwa zamani na barabara ikapewa jina la Mpole, ila bawabu wa mbele bado aliuliza unatoka wapi. Mjane akapita nyuma akipapasa ukuta. Watu walimpisha akae baada ya kiatu, wala hakuna aliyenung'unika. Akaweka kandambili yake, akakigusa kiatu. Kilikuwa na joto la mguu.

"Baba watoto," alisema kwa sauti ya chini, "ujana wangu wote uliwapa watu hawa, na hukuniuliza. Leo nakuomba kitu kimoja tu. Twende nyumbani."

Wa mbele akaitwa. Kiatu kikasogea mbele kidogo, foleni nzima ikasogea nacho. Mjane alilia bila kujificha, kwa uchungu na kwa hasira, na walio karibu wakamwacha alie.

Mwishowe kikafika dirishani. Karani alikitazama, akatazama saa ya ukutani.

"Wa bondeni, rudini kesho," alisema, akashusha pazia.

Utaratibu ulikuwa kwamba pazia likikushukia, unaanza upya mkiani. Kiatu kiligeuka, kikaenda mkiani, kikatulia. Upande wa mbele waziri alikuwa akihutubia juu ya amani, na makofi yalisikika hadi huku.

Sasa kandambili ya mjane ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Kesho angemwona daktari. Mjane aliiokota, akamwambia yule mjamzito aliyekuwa nyuma yake asogee. Akaifuata foleni kwa mkono hadi mwisho, akaiweka kandambili nyuma ya kiatu, vikagusana.

Akarudi nyumbani mguu mmoja peku, akapika chakula cha mtu mmoja.