Kitovu cha Jolame

Mgeni alifika Jumamosi asubuhi, shimo la mnazi likiwa tayari limechimbwa. Alikuwa mwanamke mnene, mtoto mchanga mkononi na mkeka mpya kwapani. Alivua ndala, akaingia ameinama, akauliza kama hapa ndipo kwa mama Jolame.

Vasiti hakumfahamu. Lakini mwanawe, aliyekuwa akilia mapajani mwa bibi yake tangu alfajiri, alinyamaza kuisikiliza sauti ile.

"Mimi Merewalesi," mgeni alisema. "Wa kitanda cha pembeni."

Ndipo Vasiti alipokumbuka. Wiki sita nyuma, katika hospitali ya mjini, mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kupungua tumboni na daktari akasema lazima apasuliwe. Mumewe alikuwa Australia akichuma matunda. Mama mkwe, Alumita, ambaye kwao huitwa Bubu, yaani bibi, alikwama ng'ambo ya mto uliofurika. Kwao mtoto halazwi chini siku nne za mwanzo, hupokezanwa mikononi. Vasiti alimshika mkono jirani yake, aliyekuwa amejifungua asubuhi ile bila kisu, akamwomba amkumbatie mtoto mpaka yeye azinduke. "Ukimshika, kitovu chake utakizika wewe," alimwambia. Kisha nusu kaputi ikamchukua.

Alipozinduka, Jolame alikuwa amelala kifuani mwa Merewalesi, ngozi kwa ngozi. Alipopewa yeye, alilia. Maziwa yalichelewa siku tatu, na siku mbili kati ya hizo mtoto alinyonyeshwa na yule yule. Wauguzi walimwambia hayo hutokea, upendo utakuja. Moyoni Vasiti aliona wenzake huzaa, yeye ameletewa mtoto.

Wa kwanza kumwona hakuwa yeye. Wa kwanza kumnusa hakuwa yeye. Lilibaki jambo moja tu la kwanza: kukizika kitovu kile kilichokauka ndani ya kikopo rafuni, na kupanda mnazi juu yake.

Bubu Alumita alimuuliza mgeni kwao wapi. Kusikia Bua, akacheka, maana watu wa Bua ni watani wao.

"Ndiyo maana chai yangu imeisha ghafla," Bubu alisema. "Nyinyi hamhitaji kualikwa, mnafuata moshi wa jikoni."

"Na nyinyi mkituona mnazima moto. Hebu nipe huyo mtoto, mtani, kabla hujamwambukiza uchoyo."

Wakabadilishana watoto. Jolame aliegemeza shavu kwenye kifua kile kipana, akashusha pumzi, akalala.

"Tazama, anamjua," alisema Bubu, bila nia mbaya.

Vasiti aliusikia mshono wake ukichoma. Akaenda jikoni kupakua muhogo uliokuwa haujaiva. Ahadi ile hakuisikia mtu mwingine, na mgeni hakuitaja. Basi la kurudi hupita saa sita. Ingetosha anyamaze tu.

Merewalesi alimfuata, Jolame angali kifuani mwake.

"Nilikuonea wivu kule hospitalini, dada," alisema polepole. "Nilimwimbia siku nzima, hashughuliki. Wewe ukikoroma, anageuza kichwa kukutafuta."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma kama boti ya mizigo."

Vasiti hakujua kama anaambiwa kweli au anabembelezwa. Alimwangalia mwanawe akilala pale alipolala siku ya kwanza, akamchukia mwanamke yule kwa dakika nzima. Kisha akawaza kwamba, kama si yeye, mtoto angeanza maisha yake bila kifua cha mtu.

Alifuta mikono, akakishusha kikopo rafuni.

"Nilikuahidi."

"Ulikuwa na dawa kichwani. Mimi nilishasahau."

"Hujasahau," alisema Vasiti. "Wala mimi sijasahau."

Alimpokea Jolame. Mtoto aliamka na kuanza kulia, lakini safari hii hakumkabidhi kwa mtu. Alimbeba akilia hadi nyuma ya nyumba, akasimama kando ya shimo, akamtazama mwanamke mwingine akipiga magoti, akikilaza kitovu cha mwanawe udongoni na kuweka juu yake nazi iliyochipua. Mikono ilimwasha kutaka kukizika mwenyewe. Akambana mtoto zaidi.

"Isogeze kulia kidogo," alisema. "Niwe nauona mnazi dirishani nikimnyonyesha."

Merewalesi akaisogeza, akafukia.