Hodi kwenye Mawe ya Segovia

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeitwa Segovia, mji wa kale wa Hispania, kukagua mfereji wa maji unaopita juu ya matao. Mimi ni fundi mwashi wa Chake Chake, Pemba. Hata Unguja hawajawahi kuniita, kwa hiyo nilishuku mambo tangu mwanzo.

Nafika uwanjani mchana kweupe. Matao yamepanda mpaka shingo inaniuma kuyatazama, mawe matupu, yamepangwa bila hata chembe ya saruji. Siamini. Nafanya anachofanya kila mwashi akiona ukuta wa mwenzake: naligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, nisikie kama lina uwazi ndani.

"Karibu," linasema jiwe.

Mawe mawili yakajitenga, yakaacha nafasi ya upana wa mabega yangu hasa. Nani aliyapa vipimo vyangu?

Pembeni alisimama dada mmoja, Elvira, mchota maji wa mji huo, mtungi kichwani.

"Umepiga hodi, kaka fundi, na umekaribishwa. Sasa ingia. Limepungua jiwe moja tangu enzi za mabibi zetu."

"Nilikuwa nakagua tu."

"Wote husema hivyo."

Uwanja ukawa ukumbi wa ngome, na hakuna aliyetuhamisha. Tao refu kuliko yote likavuta kiti, likaketi.

"Sisi tunashikana kwa kuegemeana tu," likasema. "Wewe unamwegemea nani?"

Niliogopa, tena niliogopa sana. Nilimtaka mke wangu Raya na kitanda changu, basi. Nikachota konzi ya saruji mfukoni.

"Niachieni niende, nitawazibia nyufa zote bure."

Mawe yakaziba pua. "Huyu hamwamini jirani!" yakanong'onezana. Elvira akasogea mbali nami, yeye na mtungi wake.

Tao likanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndara. "Si wetu huyu. Lakini hodi ameshapiga. Akashike ukuta wa kwao."

Nikaamka, bega langu limeegemea ukuta wa chumba chetu, ukuta niliojenga mwenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikainuka. Raya akanidaka shati.

"Baba Thuwaiba, hebu rudi ulipokuwa."

"Kuna nini?"

Akanionyesha ufa mwembamba kama unywele, unapanda kutoka pale lilipokuwa bega langu. Nikaegemea tena. Ufa ukajifunga.

Raya akaelekea mlangoni.

"Haya," akasema, "chai nitakuletea hapo hapo."