Bi A na Bi B

Makala ya Kemunto yalikuwa na kurasa thelathini na mbili, na shida yote ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Hapo ndipo walipokaa Bi A na Bi B, wanawake wawili walioishi miaka kumi na mmoja kama mke na mume wanavyoishi. Bi A akaugua, akataka kumwandikia Bi B nusu ya kiwanja chake. Mume akimpa mkewe, sheria husamehe ushuru wa stempu. Hawa walitozwa kama watu waliokutana sokoni. Kemunto, mwalimu wa sheria ya kodi chuoni, alikuwa akiuliza kama hiyo ni haki.

Mhariri wa jarida huko Nairobi, Bwana Nicodemus, aliyapenda. Ila msomi mmoja aliyepewa kuyapima, mmoja wa wale wasiotajwa majina, aliandika pembeni: mwandishi amewajuaje wanawake hawa? Ataje chanzo, au auondoe mfano. Jibu lilitakiwa siku hiyo kabla ya saa kumi. Wasomi nao wana adabu zao. Hata kisu wanakuchoma kwa swali.

Maana Bi B alikuwa Kemunto mwenyewe. Bi A alikuwa Mourine, muuguzi, aliyezikwa Februari kwao Vihiga, na Kemunto akakaa kwenye hema la wafanyakazi wenzake Mourine, akala wali wa matanga kama mgeni yeyote. Kusema kweli kungeweza kumkosesha kazi, na chumba cha juu alichopanga mtaani Langoni, na labda zaidi. Kuuondoa mfano kulikuwa kumzika Mourine mara ya pili, safari hii kwa mkono wake.

Saa nane akaitwa chini. Bi Shifaa, mwenye nyumba, alikuwa amekaa eda, mwezi wa pili sasa tangu afiwe na mumewe, Bwana Husni, na alitaka kujaziwa fomu ya kurithi shamba la Kililana. Kemunto akajaza. Penye uhusiano na marehemu akaandika mke, herufi tatu tu, mambo yakaisha. Akaona wivu, kisha akauonea haya, maana ni nani anayemwonea mjane wivu.

Langoni nzima ilijua kuwa Kemunto na Mourine ni ndugu. Mmoja Mkisii, mwingine Mluhya, hawakufanana hata kisigino, lakini kwa majirani wote walikuwa wabara, na wabara si ni wamoja? Uongo ule haukuwahi kuwatoa jasho.

Bi Shifaa aliishika fomu bila kuitazama.

"Mimi eda yangu naikaa na watu, nyumba imenijaa," akasema. "Wewe yako umeikaa yuu huko, pekeyo."

Kemunto alihisi machozi yanakuja. Miezi yote ile hakuna aliyemwita mfiwa. Alichotakiwa ni kuitikia tu, lakini ulimi ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na mmoja.

"Alikuwa dada yangu, Bi Shifaa."

"Haya, mwanangu," akasema Bi Shifaa, na akauliza aweke sahihi wapi.

Kemunto alipanda ngazi akijichukia. Alifungua kompyuta, akaandika: chanzo ni mahojiano na wahusika. Ingepita. Hakuna ambaye angeuliza tena, na mhusika mmoja hayupo wa kubisha. Aliitazama sentensi ile akaona ni dada yuleyule, ila amevaa koti la usomi. Akaifuta. Akaandika: Bi B ni mwandishi wa makala haya. Bi A alikuwa mke wangu. Akayatuma makala upesi, kabla woga haujamrudia.

Kompyuta ikajibu yenyewe kuwa makala yamepokewa, asante. Alitaka mtu amwambie amefanya vyema, au amepata wazimu, lolote, mradi iwe sauti ya mtu. Aliyekuwa akimwambia hayo ni Mourine.

Baada ya swala ya alasiri wanawake wakaanza kuingia chini kukaa na Bi Shifaa. Kemunto alisikia sahani, akasikia Asmaa wa nyumba ya pili akisimulia jambo na wenzake wakicheka kwa sauti ndogo. Ukweli wake ulikuwa umekwenda Nairobi, kwa watu wasiomjua, na pale chini, alipoulizwa kwa huruma, alikuwa ameacha neno dada. Alikaa kitandani akisikiliza. Kila aliyebisha hodi alifunguliwa mlango wa chini, na hakuna aliyepanda ngazi.